Daktari Sikudhani na Ukumbi wa Shukrani

Nchi yetu silitaji jina lake. Si kwamba naogopa. Ni kwamba jina lilibadilishwa hivi karibuni, na jipya bado linapakwa rangi kwenye vibao, na mwananchi mwangalifu husubiri rangi ikauke.

Tuna chuo kikuu kimoja, nami ndiye mhariri wa gazeti lake, *Sauti ya Shukrani*. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, na yale nisiyoyaona nimesimuliwa na watu wa kuaminika, yaani watu ambao hawajawahi kukamatwa.

Chuo chetu kinasifika kwa jinsi kinavyowapokea wahadhiri wapya. Kwingine, nasikia, mhadhiri mpya hupewa ufunguo wa ofisi akaachwa ahangaike. Sisi hatumwachi mtu hata dakika moja. Tuna Kurugenzi ya Ukaribisho na Ustawi wa Wahadhiri Wapya, na mkurugenzi wake ni Profesa Hizza Mlangila, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa mtaalamu wa magonjwa ya ng'ombe kabla serikali haijakigundua kipaji chake cha kukaribisha.

Mwaka ninaousimulia alikuja kutoka nje ya nchi mhadhiri wa elimu ya udongo, Daktari Sikudhani Mbaruku. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kucha fupi na tabia ya kutazama chini anapotembea, kama mtu aliyedondosha sindano. Profesa Mlangila alipolisikia jina lake alifurahi kupita kiasi.

"Sikudhani!" akasema, akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Jina lako peke yake ni sifa ya kazi. Tumechoshwa na watu wanaodhanidhani."

"Nilizaliwa pacha, Profesa. Mama hakudhani tuko wawili."

"Na mwenzako yuko wapi?" Sauti ilikuwa ileile ya upole, lakini mkono hakuuachia.

"Alifariki akiwa mchanga."

"Oo, pole sana, dada yangu." Akausogeza uso karibu. "Una uhakika?"

Basi akakaribishwa. Akapewa nyumba nzuri yenye simu, ambayo iliweza kupigiwa lakini haikuweza kupiga. Akapewa mtunza bustani, aliyefika kila asubuhi kumwagilia bustani isiyo na mmea hata mmoja, akiwa amesimama chini ya dirisha la sebuleni. Akapewa mahali pa kuegesha gari, ingawa gari hakuwa nalo, na akaombwa apafagie. Akaandikishwa kwaya ya wahadhiri, sauti ya pili. Akaonyeshwa maktaba, ambamo mhadhiri mpya anaruhusiwa kusoma kitabu chochote mradi msaidizi wa maktaba awe amekaa pembeni yake akikisoma pia, na ukurasa haufunuliwi mpaka wote wawili wawe wamemaliza.

Daktari Sikudhani alishukuru kwa kila kitu, kisha akauliza kuhusu maabara ya udongo na kekee ndefu ya kutobolea ardhi.

"Hivyo viko katika awamu ya pili ya ukaribisho," Profesa akamweleza.

"Awamu ya kwanza inakwisha lini?"

"Ukishakaribika, Daktari. Mtu hajijui mwenyewe kuwa amekaribika. Sisi ndio tunaojua."

Kosa lake, kama ni kosa, lilianzia hapo. Kwaya hakwenda. Simu aliifunika kwa kitambaa. Naye mtunza bustani akapewa chai, akaambiwa aingie ndani akae kwenye kiti, maana atasikia vizuri zaidi. Taarifa hizi zilipofika Kurugenzi, watu walitikisa vichwa. Profesa Mlangila alituuliza kwenye kikao, nami nilikuwapo: "Jamani, mtu asiyehitaji msaada wetu, anasaidiwa na nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kukosekana kwa jibu kukaonekana kuwa ndilo jibu.

*

Kila mhadhiri mpya hupewa Rafiki wa Kitaaluma. Rafiki wa Daktari Sikudhani alikuwa Mwalimu Ambakisye, mwanamume mjane wa miaka hamsini na kitu, aliyefundisha historia. Somo lake ni gumu katika nchi yetu kwa kuwa hubadilika mara kwa mara, na uso wake ulikuwa na uchovu wa mtu anayeishi kwa kufuta ubao. Alimtembelea Daktari kila Jumatano kwa chai. Wiki za mwanzo walizungumza kuhusu hali ya hewa, kwa uangalifu. Jumatano moja Mwalimu Ambakisye aliweka kikombe chini akakohoa.

"Daktari, naomba unisaidie. Mimi ndiye ninayepeleka habari zako kwa Mlangila kila Ijumaa. Nadhani unajua."

"Nilishuku."

"Vema. Basi wiki hii sina cha kusema. Wiki iliyopita nilisema unapenda ndizi za kukaanga. Wakanibana saa nzima: kwa nini za kukaanga?"

Daktari Sikudhani akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchini mwetu akacheka mpaka akafuta macho. Mwalimu Ambakisye naye akacheka, huku akitazama dirishani.

"Waambie nina wasiwasi na Ukumbi wa Shukrani," akasema Daktari kicheko kilipokwisha. "Hilo ni jambo la kweli, na lina haraka."

Ukumbi wa Shukrani ndio ulikuwa fahari yetu mpya. Ulijengwa kwa muda mfupi kuliko jengo lolote barani, kwenye mbuga nyuma ya bweni la wasichana, mahali ambapo zamani wafugaji walikuwa hawapitishi ng'ombe wakati wa masika. Ungefunguliwa na Mheshimiwa Mlezi wa Taifa mwenyewe, na baada ya hapo wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wangesomea humo. Somo la kwanza kwenye ratiba lilikuwa la udongo.

Daktari alikuwa amekwenda kuutazama. Nyuma ya jukwaa aliona ufa, umefunikwa kwa picha kubwa ya Mlezi. Akasogeza picha nyingine, akaona ufa mwingine. Ukumbini mlikuwa na picha nyingi sana za Mlezi.

Alikuwa ameshamweleza Profesa Mlangila ana kwa ana. "Ule ni udongo mweusi wa mbuga, Profesa. Mvua ikinyesha unakunywa maji unafura. Jua likiwaka unasinyaa. Kila mwaka unapanda na kushuka, na jengo lililo juu yake nalo linapanda na kushuka. Msingi haukwenda chini vya kutosha. Masika haya hautavuka."

Profesa alimsikiliza kwa huruma ya kweli. Akasema wahadhiri wapya wengi huona nyufa katika miezi ya mwanzo, ni msongo wa ugeni, na bahati njema Kurugenzi ina huduma yake. Akampeleka kwa Bi Kuruthumu, mshauri nasaha.

"Nyufa unaziona wapi kwingine?" Bi Kuruthumu alimuuliza, akiwa ameshika kalamu. "Kwenye ndoa? Kwenye imani?"

"Pale juu," Daktari akasema, akionyesha ukuta wa ofisi ya mshauri mwenyewe.

Bi Kuruthumu hakugeuka kutazama. "Ule naujua," akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba sana usiutaje."

Haya yote Daktari alimsimulia Mwalimu Ambakisye siku ile ya chai. Mwalimu hakusadiki. Si kwamba alimwona mwongo, ila mtu aliyefundisha historia ya nchi yetu hasadiki kitu kirahisi. Daktari akavaa viatu, akamwambia wafuatane. Walinzi wa ukumbi wakawaruhusu, maana mhadhiri akiwa na Rafiki wake huhesabika kuwa mtu mmoja.

Nyuma ya jukwaa, Daktari alisogeza picha. Mwalimu Ambakisye akatoa kalamu mfukoni ili apime upana wa ufa. Kalamu ikamponyoka, ikaingia. Waliisikia ikigongagonga ikishuka, ikigonga tena, ikiendelea kushuka mahali ambapo palitakiwa pawe zege tupu. Kisha wakasikia ikitumbukia majini.

Mwalimu alisimama na mkono wake mtupu hewani.

"Nyamizi yuko mwaka wa kwanza," akasema. "Binti wa dada yangu. Mimi ndiye ninayemsomesha."

"Nitamfundisha humu ndani wiki ya kwanza ya masika. Yeye na wenzake mia tatu."

"Nitawaambia Ijumaa! Nitawaambia nimeona kwa macho yangu!"

"Watakupeleka kwa Bi Kuruthumu."

Wakakaa kwenye ngazi za jukwaa. Mwalimu alikuwa akitweta kana kwamba amekimbia. 

"Mwalimu, wananiamini hata kidogo?"

"Hata chembe."

"Nikisema jambo ni baya?"

"Wanajua ni zuri."

"Na nikisema ni zuri?"

Mwalimu Ambakisye akamgeukia taratibu. "Hapana, Daktari. Hapana. Watakumaliza."

"Ijumaa waambie nimebadilika," akasema Daktari Sikudhani. "Waambie naupenda sana huu ukumbi. Waambie natamani Mlezi na viongozi wote waje wakae humu ndani, milango ifungwe, wakae muda mrefu. Waambie nimeuliza nani atakaa wapi."

"Nitakuwa nimekuua kwa mdomo wangu."

"Utakuwa umesema uongo Ijumaa moja. Zile nyingine ulisema kweli, zilimsaidia nani?"

 Baadaye Mwalimu aliniambia kwamba usingizi ulimkataa kuanzia siku ile mpaka Ijumaa, na kwamba njiani kwenda kwa Profesa alirudi nyumbani kwanza, akabadilisha shati, akatoka tena.

*

Taarifa ile iliitikisa Kurugenzi kuliko jambo lolote katika historia yake, hata ile ya zamani.

"Anaupenda?" Profesa Mlangila alisimama. "Tangu lini? Alisema unapasuka!"

"Sasa anausifu asubuhi na jioni," akasema Mwalimu Ambakisye, macho chini. "Anasema hajaona ukumbi imara kama huu. Anatamani Mheshimiwa akae mbele kabisa."

Mchana uleule wakaja wanausalama na mbwa. Wakapekua viti, wakapekua mapazia, wakapekua hata kipaza sauti. Hawakupata kitu, jambo lililothibitisha jinsi kitu hicho kilivyofichwa kwa ustadi. Mbwa mmoja alikataa kabisa kupanda jukwaani. Akalala chini akalia. Akapewa cheo.

Ukumbi ukafungwa. Uzio wa nyaya ukawekwa mbali kabisa na kuta, na ikaamriwa mtu yeyote asiukaribie. Sherehe ikahamishiwa kiwanja cha mpira, chini ya mahema. Daktari Sikudhani akachukuliwa na kuwekwa katika Nyumba ya Mapumziko ya Wahadhiri Wapya, ambayo ni miongoni mwa huduma zetu zisizotangazwa sana. Ina kitanda, ina chandarua, na kitasa chake kiko upande wa nje.

Waliomhoji walikuwa na adabu. Mmoja wao, kijana aliyesoma vizuri, alinisimulia mahojiano yenyewe kwa sababu hakuyaelewa, akadhani mhariri ataelewa.

"Umeweka nini chini ya ukumbi?"

"Sikuweka kitu. Kilichoko chini ni udongo."

"Nani aliuweka?"

"Ulikuwapo."

"Tangu lini?"

"Kabla yetu sote."

"Kwa hiyo ni kundi la siku nyingi."

Siku ya kwanza hakulala, alisema yule kijana. Alikaa karibu na dirisha akitazama mawingu. Alipoulizwa anaogopa nini, alisema anaogopa mvua itachelewa, wao watachoka kumshuku, na ukumbi utafunguliwa. Kijana aliliandika jibu hilo, kisha akalikata.

Mvua haikuchelewa. Ilianza kabla ya sherehe na haikukoma. Siku ya sherehe tulikaa chini ya mahema, maji yakipita baina ya miguu yetu, nami nilikuwa mstari wa tatu na daftari langu ndani ya mfuko wa plastiki. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alizungumza kuhusu shukrani. Alisema mataifa mengine yana dhahabu na mafuta, sisi tuna shukrani, na haiwezi kuibwa. Alikuwa anafika kwenye sehemu ya vijana ndipo nyuma yetu, ng'ambo ya uzio, pakatokea mshindo mkubwa, ardhi ikatetemeka, na vumbi likapanda juu katikati ya mvua.

Tulidhani ni mizinga ya heshima. Tukasimama tukapiga makofi. Mheshimiwa mwenyewe alitabasamu, akanyamaza, akasubiri mizinga iliyobaki. Tulisubiri naye muda mrefu. Ndipo msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alipogeuka nyuma akapiga ukelele, na mimi nikageuka. Pale palipokuwa na ukumbi palionekana mbingu.

Hakuna aliyeumia. Hata walinzi walikuwa nje ya uzio.

*

Profesa Mlangila alipata nishani ya Jicho Lisilolala kwa kuokoa maisha ya Mlezi wa Taifa. Kisha ikaundwa tume, naye akawa mwenyekiti, ili ijulikane Daktari Sikudhani aliuangusha vipi ukumbi akiwa amefungiwa.

Tuliingia wengi kusikiliza. Daktari aliletwa amekonda, nguo zake zimefuliwa vibaya. Mwalimu Ambakisye alikuwa ameketi nyuma kabisa, na karibu naye binti mrefu mwenye madaftari kifuani. Huyo ndiye Nyamizi.

"Ulijuaje kuwa utaanguka?" Profesa akauliza.

"Nilikwambia, Profesa. Ofisini kwako."

"Ndiyo, uliniambia. Lakini ulijuaje?"

Kabla hajajibu, Mwalimu Ambakisye alisimama. 

"Mwenyekiti, habari ile niliitunga nikiwa na yeye. Daktari hakuupenda ukumbi hata siku moja. Alisema utaanguka, nami kalamu yangu iliponyoka ikaingia kwenye ufa, nikaisikia ikitumbukia majini. Tulijua mngesikiliza uongo tu. Kama kuna mtu wa kufungwa, nifungeni mimi niliyedanganya."

 Nilitazama uso wa Profesa, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake: hofu. Haikuwa hofu ya ukumbi. Taifa letu lote, kuanzia sokoni hadi Ikulu, linasimama juu ya habari za Ijumaa. Kama moja ilikuwa ya uongo, na zile nyingine je? Waliofungwa kwazo? Waliopandishwa vyeo kwazo, naye akiwamo?

Tume ikajitenga kujadiliana. Iliporudi, Profesa alisoma hukumu kwa sauti ya upole kuliko zote.

"Tume imeridhika kwamba habari iliyoletwa ilikuwa ya kweli kabisa. Daktari Sikudhani aliupenda ukumbi. Mapenzi si kosa kisheria. Ukumbi umeanguka kwa upweke wa kufungiwa. Daktari aachiwe, apewe pole kwa msiba, na apatiwe huduma ya maombolezo. Mwalimu Ambakisye amechanganyikiwa kwa uchovu. Atahamishiwa tawi letu la kaskazini, apumzike."

Tawi letu la kaskazini lina darasa moja na halina kisima.

Daktari alimsindikiza mpaka kwenye lori lililombeba yeye na kitanda chake. Mtunza bustani alikuwapo pia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ndoo. Nyamizi alilia waziwazi.

"Usinililie, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Huko hakuna Kurugenzi. Nitafundisha historia moja tu, mwaka mzima." Kisha akamgeukia Daktari. "Hukunidai hata siku moja niombe radhi."

"Ulikuwa unakunywa chai yangu taratibu sana," akasema Daktari. "Mtu mwenye haraka ya kuripoti hanywi hivyo."

Lori likaondoka. Daktari alibaki amesimama hata lilipokwisha kutoweka, mikono imekumbatia mabega.

*

Kwa kuwa ukumbi haukuwapo, na ratiba ilisema somo la udongo ni ukumbini, Daktari aliwapeleka wanafunzi ukumbini, yaani ukingoni mwa shimo. Mvua ilikuwa imepumzika. Udongo ulikuwa wazi, mweusi, unang'aa, na maji yametuama katikati ya mabonge ya zege. Aliwaambia wachukue kila mtu donge, walifinyange, wasikie linavyonata.

"Daktari," Nyamizi akasema, donge mkononi, "huu ndio ungetuua?"

"Udongo haukuwa na nia mbaya na mtu. Ila mara ya mwisho waliouuliza walikuwa wafugaji."

Mtu akapeleka habari. Adhuhuri likatoka tangazo: udongo wa chuo ni mali ya taifa na ni siri yake. Ni marufuku kuutoa nje ya lango ukiwa mkononi, mfukoni, kwenye mkoba au kwenye viatu.

Jioni mvua ikarudi kwa nguvu. Chuo kizima kilitakiwa kutoka kwa lango moja, na kila kiatu kilikuwa na matope. Walinzi walizuia wanafunzi, wakazuia makarani, wakamzuia Bi Kuruthumu, na nyuma yake akazuiwa Profesa Mlangila mwenyewe, nishani kifuani, viatu vyeusi kwa matope hadi kwenye kamba. Akafoka. Mlinzi akamsomea tangazo lenye sahihi ya Profesa mwenyewe.

Daktari Sikudhani alikuwa mbele. Aliinama, akavua viatu, akaviosha kwenye maji ya mtaro mpaka vikang'aa, akavishika juu ili mlinzi avione. Kisha akapita pekupeku, matope yakiwa yamempanda hadi kwenye vifundo. Mlinzi aliangalia tangazo. Aliangalia miguu. Tangazo halikutaja miguu.

Nyamizi akavua vyake. Wenzake wakavua. Makarani, wapishi, waimba kwaya, sote tukavua, na mwishowe Profesa akaketi kwenye ukingo wa mtaro na kuanza kuhangaika na kamba zake zilizolowa, akiwa hamtazami mtu.

Usiku uleule niliandika katika *Sauti ya Shukrani* kwamba jumuiya ya chuo ilitembea pekupeku kwa hiari yake kumshukuru Mlezi wa Taifa. Niliandika vizuri, nikapongezwa. Lakini asubuhi, nikienda kazini na gazeti kwapani, barabara ya nje ya lango ilikuwa nyeusi kwa nyayo za watu, zikielekea mjini, na ilinibidi nizikanyage.